Jaboya Haina Picha

Mashua zilizokesha Ziwa Victoria huingia Dunga, ufuo wa Kisumu, kabla jua halijapanda upande wa Nandi. Wanawake huwa wamekwisha fika, karai mkononi, leso kiunoni, na ndani ya fundo la leso kuna simu. Nyingi ni kabambe, zile za vitufe zenye tochi. Mwenye simu ya kioo hujulikana, kwa sababu yeye ndiye redio ya asubuhi. Akifungua kundi la WhatsApp na ujumbe wa sauti wa Kidholuo ukaanza kunguruma, wenzake husogea. Kabla samaki hawajapimwa, ufuo mzima huwa umejua gavana alisema nini jana, nani amefumaniwa Nairobi na msichana gani ameokotwa amekufa.

Hatua chache kutoka hapo, kando ya mashua, huenda mazungumzo mengine kwa sauti ya chini. Hayo hayatoki kwenye simu wala hayaingii humo. Kila mtu katika fuo za ziwa hili, kuanzia Usenge hadi Muhuru Bay, analijua jina lake: jaboya. Mchuuzi hulipa pesa za samaki, na juu ya pesa hulipa kwa mwili wake ili mvuvi amhesabie yeye kwanza. Akikataa, hakuna atakayempiga. Samaki watakwenda tu kwenye karai la mwingine, naye atarudi nyumbani na deni la nauli.

Mizizi yake haina fumbo. Mashua, nyavu na injini ni mali ya wanaume. Mila ilimkataza mwanamke kupanda mashua ya uvuvi. Samaki wamepungua, wanunuzi wameongezeka, na pale ambapo bidhaa ni haba mwenye bidhaa hujipangia bei anayotaka. Watafiti wa ukimwi wameandika juu ya jaboya kwa miaka mingi, na si ajabu: Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo kaunti ambazo kwa muda mrefu zimeongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya virusi. Lakini katika miaka yote hii ambayo mitandao imeitikisa Kenya kuhusu haki za wanawake, sikumbuki siku hata moja jaboya ilipokuwa gumzo la taifa.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninalolirudia ni lile lile. Jaboya haina picha. Haina damu, haina video, haina mtu mkubwa wa kuanguka nayo. Ni biashara ya kimyakimya ambayo pande zote mbili zitaikana.

Isionekane kwamba naipiga vita simu. Ipo siku ilifanya kazi, na siku hiyo ilianzia katika kaunti ya Busia, ile inayolichungulia ziwa kutoka Port Victoria na Sio Port.

Juni 2013, katika kijiji cha Tingolo, msichana wa miaka 16 alikuwa akirudi nyumbani kutoka matanga ya babu yake. Genge la vijana lilimbaka, likamtupa katika shimo la choo. Aliwatambua baadhi yao. Polisi waliandika kitabuni kwamba ameshambuliwa, wakawashika watatu, wakawapa fyekeo wafyeke nyasi za kituo, kisha wakawaambia waende zao.

Miezi minne ikapita. Oktoba, gazeti la Daily Nation likaichapa habari hiyo na kumpa msichana jina la kupanga, Liz. Ndipo mtandao ukaiokota. Nebila Abdulmelik, mwanaharakati aliyekuwa akifanya kazi na shirika la wanawake la FEMNET jijini Nairobi, alianzisha ombi la saini kupitia tovuti ya Avaaz, na saini zikavuka milioni moja kutoka pembe zote za dunia. Mwishoni mwa mwezi huo wanawake waliandamana hadi makao makuu ya polisi, wakalipeleka ombi lao kwa mkono. Mwaka 2015 mahakama ya Busia iliwafunga wanaume watatu miaka 15 kila mmoja.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni tarehe moja. Mei 2013, wiki chache tu kabla ya Tingolo, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imesikiliza wasichana waliolalamika kwamba polisi walipuuza ripoti zao za kunajisiwa, ikaamua kwamba kupuuza huko ni kuvunja Katiba. Sheria ilikuwepo, tena wino wake haujakauka. Kilichokosekana ni aibu, na aibu ndiyo bidhaa ambayo mtandao huiuza kwa bei nafuu kuliko duka lolote.

Na zile nyasi! Kama polisi wangewaachilia washukiwa hivi hivi tu, sidhani kama mtu wa Brazil au wa Uholanzi angeweka saini. Hakuna aliyepiga picha pale kituoni, lakini kila aliyesikia habari aliiona: vijana watatu wameinama, fyekeo mkononi, wanalipa deni la ubakaji kwa kupunguza majani. Liz alipata haki kwa sababu ya uhodari wa watu wengi. Alisaidiwa pia na upumbavu wa adhabu ile, uliojichora wenyewe.

Kabla ya simu, mjadala kama huu ulipitia milango michache sana. Wasomaji wenye mvi wataikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Kwa miezi mitano nchi nzima iligombania magazeti. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya mwili, na tarehe 23 mwezi huo mazishi yakafanyika Nyalgunga bila mjane kuhudhuria.

Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kusikia swali likiulizwa hadharani kwa ukali ule: mke ni nani kwa mumewe akishafariki? Lakini tazama walioruhusiwa kuliuliza. Majaji, mawakili, wahariri, na mjane mmoja mwenye elimu, wakili hodari na Kiingereza cha mahakamani. Mjane wa Alego aliyekuwa akingoja kuamuliwa nani atamrithi hakuwa na pa kupiga simu. Kulikuwa na Sauti ya Kenya, redio ya serikali, na hiyo ilisema yenyewe, haikupigiwa.

Leo mambo ya tero, yaani kurithiwa kwa mjane, hubishaniwa kwenye mitandao kwa Kidholuo cha ndani kabisa, na wajane wenyewe wamo. Bondo kuna Roseline Orwa, aliyefiwa na mume, akaanzisha wakfu wa Rona na kuifanya hali ya wajane kuwa hoja ya kitaifa. Sheria ya Kujikinga na Ukatili wa Nyumbani ya 2015 imekutaja kumrithi mjane kwa nguvu, na kumtakasa, kuwa ni ukatili. Wengi wanaobishana kuhusu tero hawajui kwamba sheria hiyo ipo. Kwenye mabishano ya kundi la ukoo, mwenye sauti nzito hushinda, na mwenye kifungu cha sheria huambiwa ameharibiwa na mji.

Turudi nyuma hadi Novemba 2014, kwa sababu mwezi huo na uliofuata yalitokea mambo ambayo ningeyasoma katika riwaya nisingeyaamini. Jijini Nairobi makanga walimvua mwanamke nguo mchana, watu wakirekodi. Video ikasambaa, nayo ikazaa #MyDressMyChoice, na tarehe 17 wanawake wakajaa barabarani. Wanaume nao wakaja na alama yao ya reli, #NudityIsNotMyChoice, na kwa siku kadhaa nchi ikapima urefu wa sketi.

Tarehe 18 Desemba, Bunge la Taifa lilikuwa likipitisha mswada wa kurekebisha sheria za usalama. Ndani yake, katikati ya vifungu vya ugaidi, kilikuwemo kimoja kilichozaliwa na video ile: anayemvua mwenziwe nguo kwa nguvu atafungwa si chini ya miaka 10. Kikao kiligeuka uwanja wa ngumi. Millie Odhiambo, wakati huo mbunge wa Mbita, alitoka akisema wabunge wenzake wa kiume wamemshambulia na kumrarulia nguo. Siku hiyo hiyo, ukumbi huo huo, mswada huo huo. Kifungu kilipita na sasa ni 251A katika Kanuni ya Adhabu. Na mitandaoni? Kilichobaki ni mzaha juu ya nguo ya ndani ya mheshimiwa.

Millie si mtu wa kuonewa huruma upesi, na ulimi wake umewahi kuwachoma hata wanaompigia kura. Ni wakili, na sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ni kazi yake. Aprili 2017, wakati wa mchujo wa chama, nyumba yake ilichomwa moto. Lakini tusi analorushiwa miaka nenda miaka rudi halihusu sheria wala siasa. Ni kwamba hana mtoto. Yeye alilijibu kwa kulisema mwenyewe hadharani, kisha akapeleka bungeni mswada wa kusimamia uzazi wa kusaidiwa kitaalamu ili wanawake wengine wasichekwe gizani. Sijui mwanasiasa wa kiume wa ukanda huu ambaye idadi ya watoto wake imewahi kuwa ajenda ya kampeni, isipokuwa pale alipokuwa nao wengi kuliko alivyokiri.

Mji wa Kisumu ulimpata meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka 1965. Mwaka 1969 ulimpeleka bungeni, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Wanaume wa enzi zake hawakuwa malaika. Hata hivyo, aliyetaka kumtusi mama huyo ilimbidi aende mkutanoni, asimame, aonyeshe uso, huku mjomba wake akiwa katika umati na mama mkwe ameketi mstari wa mbele. Gladys Wanga alipoingia ofisini mwaka 2022 kama gavana wa kwanza mwanamke wa Homa Bay, mmoja kati ya saba waliochaguliwa nchini, aliingia katika zama ambazo anayetukana hana uso, hana mjomba, na mara nyingine ana akaunti kumi.

Kisa cha Rongo nakigusa kwa uzito. Septemba 2018, mwanafunzi wa chuo kikuu cha huko, mwenye mimba ya miezi saba, alitekwa nyara. Mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, Homa Bay. Aliyekuwa gavana wa Migori wakati huo alishtakiwa pamoja na wengine, wakakana. Jina la msichana lilitajwa vya kutosha, mimi sitalirudia. Ninachokumbuka ni maswali. Hata kaburi halijachimbwa, marehemu alikuwa ameshahojiwa na maelfu: alitafuta nini kwa mume wa mtu, nani alimlipia nyumba, picha ile alivaa nini. Neno sponsa, yaani mwanamume mwenye pesa anayemtunza msichana, lilitumika kama hati ya mashtaka, na mshtakiwa alikuwa yeye. Waliohoji hawakuwa wanaume peke yao. Kuna akina mama wenye mabinti waliokuwa wakali kuliko waendesha mashtaka. Hapo pia ndipo nilipoona wasichana wa vyuo wakijibu, kwa majina yao halisi, sentensi kwa sentensi. Nikiwa mkweli, majibu yao yalinifundisha zaidi ya tahariri tulizoziandika.

Kuna usiku mmoja wa Kisumu ambao ndio hasa ulionifanya niandike makala haya. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, simu za mji huu zilirekodi moshi wa Kondele, mawe barabarani, vijana wakikimbizwa. Nchi ikamlilia mtoto wa miezi sita wa Nyalenda aliyefariki baada ya polisi kuingia nyumbani kwao. Lakini yaliyotendewa wanawake ndani ya nyumba nyingine, milango ikiwa imevunjwa na taa zimezimwa, hayakurekodiwa na simu yoyote. Nani angeishika?

Waliokwenda kuuliza walikuwa watu wa Human Rights Watch na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya. Tume iliandika visa 201 vya ukatili wa kingono katika kaunti kadhaa katika msimu ule wa uchaguzi, maafisa wa usalama wakitajwa mara nyingi. Kazi hiyo haikufanywa kwa alama ya reli. Ilifanywa kwa daftari, juu ya kiti cha plastiki, mbele ya mwanamke ambaye hataki jirani asikie. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa wa polisi washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na ubakaji umo katika orodha. Miaka mitano baadaye, kwa ushahidi ambao haukuwahi kusambaa popote.

Januari 2024, baada ya mauaji ya wanawake wawili Nairobi kuibua hasira, maandamano ya tarehe 27 yaliitwa kupitia mitandao na yakaitikiwa katika miji mingi, Kisumu ikiwemo. Baadaye mwaka huo serikali yenyewe ilitoa hesabu: wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Januari 2025 Rais akaunda jopo la watu 42 chini ya Nancy Baraza, naibu jaji mkuu wa zamani. Mtandao ulistahili sifa kwa hilo, nami naitoa bila kusita. Ila jopo liliundwa kwa sababu ya wanawake wanaouawa. Mchuuzi wa Dunga yu hai, na kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa pale pale ufuoni.

Kwa upande wa jaboya, jaribio ninalolijua lililogusa mzizi lilianzia Nduru, ufuo wa Nyakach. Mwaka 2011 wanawake wa huko, wakisaidiwa na mfanyakazi wa kujitolea kutoka Marekani, walipata mashua zao wenyewe. Hesabu ilikuwa nyepesi: mwenye mashua huajiri wavuvi, na wavuvi humletea yeye samaki. Kikundi kikajiita No Sex for Fish, jina lililochaguliwa kwa masikio ya wageni, na wageni wakaja na kamera. Redio na tovuti za Marekani zikaitangaza Nduru ulimwenguni. Kisha 2020 Ziwa Victoria likafura hadi kuvunja rekodi yake ya 1964. Maji yakaingia kijijini, watu wakahama, mashua zikaharibika. Habari ilikuwa imeshaizunguka dunia, lakini mashua haikarabatiwi kwa habari.

Kagwel, upande wa Seme, kuna wanawake waliofanya ambalo hata Nduru haikuthubutu: walipanda mashua na kwenda kuvua wenyewe. Waliambiwa samaki watakimbia. Samaki hawakukimbia.

Nirudi kwenye simu za vitufe. Mjadala wa haki za wanawake nchini mwetu sasa unafanyika mahali penye kiingilio, na kiingilio ni bando. Msichana wa Milimani analo la mwezi. Mchuuzi wa Luanda K'Otieno ananunua la saa moja, tena siku aliyouza. Yanayosemwa juu yake humfikia kwa mzunguko: mtu wa Nairobi ameandika, kijana wa Kisumu ametafsiri katika ujumbe wa sauti, redio ya Ramogi au Mayienga imeyasoma hewani jioni, na yeye anasikia akiparua mbuta. Katika mzunguko huo watangazaji wa Kidholuo wana nguvu kuliko wanavyokubali. Mtangazaji anayemcheka mwanamke aliyepigwa, ili simu za wasikilizaji ziite zaidi, amewafundisha wengi kucheka. Anayeuliza namba ya OB, ile ya ripoti ya polisi, amewafundisha kuuliza.

Zipo pia simu zinazotumiwa kama fimbo. Picha za faragha za mwanamke husambazwa na mwanamume aliyeachwa, na kijiji kizima huzitazama kisha kumtenga yeye. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, imeweka faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Aliyezisambaza mbele kwa kicheko amo katika kosa pamoja na aliyeanza. Nimeandika hilo kwa ajili ya wale walio katika makundi ya ukoo wanaodhani kubonyeza kitufe si kitendo.

Wahariri wenzangu, na ninyi vijana mlio na chaneli zenu, nina ombi. Msije Dunga siku ya maiti peke yake. Njooni Jumanne yoyote, saa kumi na moja alfajiri, na siku tatu za kwanza acheni kamera hotelini. Ketini na wanawake wanapoparua samaki. Ulizeni mashua ni ya nani, nani amo katika kamati ya ufuo, na mama aliyenunua karai zima jana alilipa vipi. Nauli ya tuktuk kutoka mjini si kubwa, na kiti cha plastiki mtapewa.